Kiazi Kimelegea Ndani ya Maji: Kutafuta Kosa katika Majaribio ya Osmosisi na Difyusheni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Biolojia, wasimamizi wa maabara na wanafunzi wa sekondari wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani, ambao wamefanya majaribio ya kawaida ya kupita kwa vitu kwenye utando wa seli, yaani difyusheni (vitu kusambaa kutoka vilipo vingi kwenda vilipo vichache) na osmosisi (maji kupita kwenye utando kuelekea mmumunyo mkali zaidi), na kupata matokeo yasiyofanana na yale yaliyotarajiwa. Umepangwa kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na uliyoiona mezani, kisha pitia sababu zake kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi. Vifaa vya majaribio haya ni vya bei nafuu, na vingi hupatikana soko la Majengo kwa fedha kidogo, lakini majaribio yenyewe huharibiwa na mambo madogo ambayo karatasi ya maelekezo haiyataji.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, jibu maswali mawili. Je, utando ulio mbele yako bado ni hai, au ulikwisha kufa kabla ya jaribio kuanza? Na je, unajua kwa hakika kilichomo pande zote mbili za utando huo, yaani ndani ya seli na nje yake, badala ya kudhani tu? Sehemu kubwa ya matokeo yanayoitwa mabaya ni matokeo ya kweli ya jaribio ambalo mfanyaji hakujua kuwa analifanya.

Dalili ya kwanza: kipande kilichowekwa kwenye maji kimelegea au kimepungua uzito

Kiazi mviringo kibichi kikiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi kinapaswa kunyonya maji, kwa kuwa ndani ya seli zake mna sukari, madini na asidi ambazo kwa pamoja hukaribiana na mmumunyo wa sukari wa moli 0.3 kwa lita. Katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, tofauti hiyo inaweza kuingiza maji hadi shinikizo la ndani likaribie angahewa 7, zaidi ya mara tatu ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Ukuta wa seli ndio unaoizuia seli isipasuke, na ndio unaokipa kipande ugumu wake. Chukua kipande cha urefu wa sentimeta 5 na unene wa nusu sentimeta, ukishike ncha moja kwa vidole viwili: kilichojaa maji hubaki kimenyooka, na ukikikunja hukatika kwa mlio, kilichopoteza maji huinama chenyewe, na unaweza kuzikaribisha ncha zake bila kukivunja.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kifo cha seli. Kiazi kilichochemshwa, hata kidogo tu, au kilichogandishwa kwenye friza kisha kikayeyuka, hakina tena utando unaochagua cha kupitisha. Joto la kuanzia nyuzi 50 hivi kwenda juu huanza kuvuruga protini na mpangilio wa mafuta ya utando, na barafu huuchana kwa chembe zake. Kiazi cha namna hiyo hakiwezi kujaa, kwa sababu sukari na madini yake yanavujia nje, na shinikizo halina mahali pa kujengeka.

Muda nao huua. Zipo karatasi za maelekezo zinazosema kipande kiachwe kwa saa 24, na agizo hilo linaweza kufaa mahali penye baridi. Kwa joto la Dodoma la mwezi Oktoba au Novemba, bika lililoachwa hadi kesho yake huwa na maji yenye ukungu, harufu nzito na kipande chenye utelezi. Hapo bakteria wamekwisha kuanza kazi yao, na unachokipima ni kuoza. Dakika 45 hadi saa 2 zinatosha kwa kipande cha unene wa nusu sentimeta. Ukitaka matokeo ya haraka, punguza unene na usirefushe muda, kwa maana muda wa difyusheni hukua kwa kipeo cha pili cha umbali: unene ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka takribani mara nne. Hilo linatokana na kanuni alizoziandika Adolf Fick mwaka 1855.

Sababu inayofuata ni ya mizani. Kipande kinachopimwa kikiwa kimelowa mwanzoni na kikiwa kimefutwa mwishoni kitaonekana kupungua, hata kama kimenyonya maji. Futa mara zote mbili, kwa karatasi ileile ya chooni, kwa mguso mwepesi na bila kukamua. Shule isiyo na mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu itumie rula na kupima urefu, ila ijue kwamba badiliko halisi mara nyingi ni la milimita 1 hadi 3, kwa hiyo kipande kilichokatwa mshazari kinatosha kulificha.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye maji yenyewe. Kila anayeishi Dodoma anajua kwamba visima vingi vya mkoa huu vina maji yenye ladha ya chumvi, na jaribio likikataa, kisima ndicho kinachotajwa kwanza. Kwa maoni yangu kisima hulaumiwa kupita kiasi, na hesabu inaonyesha hivyo. Chukulia maji yenye gramu 3 za chumvi ya kawaida katika kila lita, ambayo mtu yeyote angeyakataa kuyanywa. Uzito wa moli moja ya chumvi hiyo ni gramu 58.4, hivyo maji hayo yana moli 0.05 kwa lita. Na kwa kuwa kila chembe ya chumvi huachana kuwa ioni mbili, ya sodiamu na ya kloridi, nguvu yake ya osmosisi ni sawa na moli 0.1 ya sukari. Hiyo ni theluthi moja tu ya ile ya kiazi. Kiazi kizima kitaendelea kunyonya maji hayo, ingawa kidogo kuliko kingenyonya maji safi. Kwa hiyo kisima kinaweza kueleza ongezeko dogo, wala hakiwezi kueleza kulegea. Ukiona kulegea, rudi kwenye seli zilizokufa, au angalia kama lebo za bika mbili zimebadilishana, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Hata hivyo, jaribio la kulinganisha linahitaji maji yasiyo na kitu. Ili kuyapima, dondosha matone machache juu ya kioo safi, yaache yakauke juani, kisha utazame kama yameacha utando mweupe. Maji ya mvua ndiyo mbadala rahisi, lakini Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima mvua hiyo ni kama milimita 570. Yakinge baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi la bati, uyafunike vizuri, nayo yatatumika hadi mwisho wa mwaka. Maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari nayo yanafaa, kwa sharti kwamba umesoma chupa na kuhakikisha kuwa si asidi, kwani vitu hivi viwili huuzwa kwenye rafu moja.

Dalili ya pili: vipande vyote vimeongezeka, hata kwenye mmumunyo wa sukari ulio mkali kiasi

Hapa tatizo karibu kila mara ni kiazi chenyewe. Viazi mviringo tunavyonunua Dodoma husafiri kutoka nyanda za juu, Njombe, Mbeya na Iringa, na vikifika hukaa sokoni au stoo ya shule katika hewa kavu ya msimu wa kiangazi. Kiazi hupoteza maji kupitia ganda, lakini sukari na madini yake hubaki, na hivyo seli zake huwa kali kuliko tulivyodhani na pia hukosa shinikizo la ndani. Kisichotarajiwa kubadilika sana kwenye moli 0.3 za sukari sasa kinaongezeka, na mchoro mzima wa matokeo husogea upande mmoja.

Bonyeza kiazi kwa kidole gumba kabla ya kukimenya. Kikibonyea, hakifai kwa kazi ya vipimo. Usikimbilie kukihifadhi kwenye jokofu pia. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kwa majuma kadhaa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na dalili ni ileile kwa sababu tofauti. Katika jaribio moja, kata vipande vyote kutoka kiazi kimoja, au uchanganye vipande vya viazi kadhaa na kuvigawa kwa bahati nasibu katika bika zote, maana viazi viwili vya gunia moja havilingani.

Dalili ya tatu: makundi mawili yametumia ukolezi wa namba ileile, lakini majibu ni tofauti

Uliza kundi lipi lilitumia sukari na lipi lilitumia chumvi. Moli 0.3 za sukari ni gramu 103 kwa lita na hazikibadilishi kiazi kwa kiasi kikubwa, moli 0.3 za chumvi ni gramu 17.5 tu kwa lita, lakini huzaa ioni zenye nguvu karibu mara mbili, na kiazi kitasinyaa waziwazi. Wanaopima kwa vijiko wana shida zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua gramu 5 hadi 6 za chumvi, na kikimwagwa kwenye mililita 100 za maji hutoa mmumunyo mkali mara sita hivi kuliko ndani ya kiazi. Mmumunyo huo hautofautishi kiazi kizuri na kibaya, kwa kuwa vyote viwili utavikausha.

Dalili ya nne: mfuko wa Visking haukufanya kilichotarajiwa

Visking ni utando bandia wenye vitundu vidogo sana. Katika jaribio hili wanga na glukosi huwekwa ndani ya mfuko wake, mfuko huzamishwa kwenye maji, kisha maji ya nje hupimwa kwa iodini, inayotambua wanga, na kwa mmumunyo wa Benedict, ambao ukipashwa moto hutambua glukosi kwa kuacha rangi yake ya bluu. Kosa linalojirudia ni maji ya nje kugeuka bluu-nyeusi, ishara kwamba wanga umetoka. Molekuli za wanga ni kubwa mno kupita kwenye vitundu vya Visking, hivyo aidha fundo limevuja au wanga ulimwagika nje ya mfuko wakati wa kujaza na haukuoshwa. Osha mfuko kwa maji yanayotiririka baada ya kuufunga, kisha ndipo uuzamishe.

Benedict ikibaki bluu, muulize aliyeandaa mchanganyiko kama alitumia glukosi au sukari ya mezani. Sukari ya mezani haibadilishi rangi ya Benedict. Unga wa glukosi unaouzwa kwenye maduka ya dawa unatosha. Wapo wanaosingizia mwinuko wa Dodoma, wakisema maji huchemka mapema na hivyo kipimo hakikamiliki. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 96, joto ambalo kwa Benedict linazidi kiasi kinachohitajika. Iodini, kwa upande wake, inahitaji baridi: ukiidondosha kwenye wanga ulio moto sana, rangi haitokei hadi upoe. Na wanga wenyewe lazima uwe umepikwa kuwa uji mwepesi, kwani unga mbichi wa muhogo uliokorogwa kwenye maji baridi hutuama chini.

Panapokuwa na mfuko wenye sukari ya mezani uliounganishwa na mrija wa kioo, maji hupanda vizuri kwa saa kadhaa, kisha husimama na kuanza kushuka. Hilo si kosa la mfungaji. Visking huizuia sukari hiyo kwa muda tu, nayo huvuja polepole hadi tofauti ya pande mbili inapokwisha.

Jambo linalonivutia zaidi ni lile linalowapata walimu wasio na Visking, wanapoamua kutumia kifuko chembamba cha nailoni. Wanaweka uji wa wanga ndani na iodini nje. Baada ya saa moja au mbili wanga umekuwa bluu-nyeusi, na wanafurahi. Kisha wanaweka glukosi ndani, wanasubiri siku nzima, na Benedict inakataa kabisa kubadilika. Wengi huandika kwamba jaribio limeshindikana, ilhali wana mkononi mfano ulio karibu zaidi na utando wa seli kuliko Visking. Visking ni chekecho: huangalia ukubwa peke yake, ndiyo maana glukosi hupita kwa urahisi. Nailoni ya vifuko hivyo kwa kweli ni polithini, plastiki yenye tabia kama ya mafuta, na iodini hupita kwa sababu inayeyuka humo. Glukosi, inayopenda maji, haiyeyuki humo na kwa hiyo haipiti. Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta zenye protini ndani yake, na unene wake ni nanomita 7 hadi 8 tu. Oksijeni na kabonidayoksaidi huyeyuka katika mafuta hayo na kupita moja kwa moja, jambo ambalo Charles Overton alilitambua miaka ya 1890 alipoona kwamba vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta huingia haraka ndani ya seli. Glukosi huhitaji protini ya kuibeba. Ioni ya sodiamu, ndogo kuliko glukosi kwa mbali, nayo hukwama isipofunguliwa njia yake. Hata maji, ingawa hupenya kidogo kidogo, katika seli nyingi hutegemea vijia maalumu vya protini, akwaporini, ambavyo utafiti wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Visking peke yake huondoka akiamini kwamba kitu kidogo hupita na kikubwa hukwama, na baadaye haelewi kwa nini sodiamu hukwama.

Dalili ya tano: seli za kitunguu hazionyeshi kujitenga kwa utando na ukuta

Vitunguu vyekundu vya Singida vinafaa sana kwa kazi hii, mradi uchukue ngozi nyembamba ya upande wa nje wa tabaka, ile yenye rangi ya zambarau. Ngozi ya ndani ni nyeupe, na hata utando wake ukisinyaa ni vigumu kuuona. Kosa la pili halionekani kirahisi: mwanafunzi ametia iodini kwenye slaidi ili aone kiini, halafu akatumia slaidi hiyohiyo kwa jaribio la chumvi. Iodini imekwisha kuziua seli, na seli iliyokufa haisinyai kwa osmosisi.

Weka ngozi mpya kwenye tone la maji, ifunike, tazama kwanza rangi ikiwa imejaza seli hadi kwenye kuta. Kisha dondosha mmumunyo wa chumvi wa asilimia 5 ukingoni mwa kifuniko, na uuvute kwa kipande cha karatasi kutoka upande wa pili. Ndani ya dakika chache rangi hujikunja kutoka kwenye pembe, ikizidi kuiva kadiri inavyobanwa, na ukikaza macho kwenye lenzi kali unaweza kuona nyuzi nyembamba sana zikiwa bado zimeushikilia utando kwenye ukuta. Nafasi iliyobaki kati yao si tupu, imejaa mmumunyo wa chumvi, kwa kuwa ukuta hauzuii chochote hapo. Vuta maji safi kwa njia ileile: rangi ikirudi kujaa, seli ni hai, ikisambaa ovyo, umezichelewesha kwenye chumvi.

Dalili ya sita: bitiruti inatoa rangi hata kwenye maji baridi

Kisu kimepasua seli za juu. Suuza vipande hadi maji yasiwe na rangi, kisha ndipo uanze. Kuhusu yai lililotolewa ganda kwa siki, ambalo hujaa kwenye maji na kunywea kwenye sharubati nzito ya sukari, nashauri litumike kuamsha darasa tu, kwani utando ule ni wa nyuzi za protini na si utando wa seli.

Dalili ya saba: jaribio limefaulu, lakini maelezo ya mwanafunzi ni ya usafirishaji unaotumia nishati

Mwanafunzi ameona maji yakitoka kwenye mmumunyo hafifu kuelekea mkali, akaandika kwamba yamepanda kinyume cha ukolezi na hivyo seli imetumia nishati. Chanzo ni kuhesabu sukari mahali pa maji. Mahali penye sukari kidogo ndipo maji yalipo huru zaidi, na yanapohamia penye sukari nyingi yanashuka mteremko wake yenyewe. Mwonyeshe mfuko wa Visking wenye sukari: haujawahi kuwa hai, lakini maji huingia.

Usafirishaji unaotumia nishati ni jambo jingine, na kiazi hakiwezi kuuonyesha kwa rula na mizani. Mfano wake ulio wazi ni pampu ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Skou mwaka 1957, ambayo kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Seli za utumbo hutegemea kazi ya pampu hiyo: kwa kuwa sodiamu imepunguzwa ndani, ile ya nje hurudi kwa kasi ikiivuta glukosi pamoja nayo, na maji hufuata. Ndiyo maana pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini kwa mwenye kuhara, ya kuchanganywa na lita moja ya maji ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida pamoja na gramu 13.5 za glukosi, na mchanganyiko wake ni hafifu kidogo kuliko damu.

Baadhi ya vitini hupendekeza hamira na rangi ya methilini buluu kwa somo hili: hamira hai hubaki bila rangi, iliyochemshwa hugeuka buluu. Ni jaribio zuri la kutofautisha kilicho hai na kilichokufa, ila hamira hai pia huiondolea rangi hiyo ubuluu wake kwa kemia ya ndani, hivyo haithibitishi kwamba imefukuzwa nje na pampu. Ukitaka mwanafunzi atetee jibu la nishati, mdai ushahidi kwamba kitu kimehama kuelekea kilipo kingi, na kwamba uhamaji huo hukoma seli inaponyimwa oksijeni au inapotiwa sumu inayozuia upumuaji wake. Asipokuwa na vyote viwili, maelezo ya osmosisi au difyusheni ndiyo ya kupewa alama.